Ujasiri na Ujuba

Yako maswali ambayo kila mtu hudhani ameyajibu, kwa kuwa tu hajapata kuulizwa. Mojawapo ni hili: je, ni halali mtu kuutia uhai wake hatarini kwa hiari yake mwenyewe? Wengi watajibu upesi kwamba si halali, maana uhai ni amana ya Mungu wala si mali yetu ya kuchezea. Jibu hilo ni jema. Lakini kila siku, kandokando ya Ziwa Viktoria, maelfu ya watu huutia uhai wao hatarini, wala hakuna awakemeaye. Mvuvi wa dagaa huondoka jioni na karabai zake, usiku usio na mwezi, akijua kwamba dhoruba za ziwa lile hupenda kuja usiku na alfajiri. Mchuuzi wa Ukerewe huvuka na matenga yake kwenda kuuza Mwanza. Je, hao wote wanatenda dhambi? La hasha. Basi jibu letu la upesi halikutosha, na yatupasa kulichungua swali lenyewe kwa utulivu.

Ili tulichungue vema, na tuanze mbali na maji, tuanze hewani. Duniani wako watu ambao hupanda ndege ili waruke kutoka humo kwa mwavuli, si kwa vita wala kwa kazi, bali kwa starehe tu. Hata katika Afrika yetu ya Mashariki mchezo huo upo. Huko Diani, kusini ya Mombasa, warukaji hushuka juu ya mchanga mweupe wa pwani. Si jambo geni. Mfaransa André-Jacques Garnerin alishuka kwa mwavuli kutoka katika puto juu ya jiji la Paris tarehe 22 Oktoba 1797, akiyumbayumba vibaya hata watazamaji wakadhani amekwisha. Siku hizi ndege huwapandisha warukaji kiasi cha mita 4,000. Mlango ukifunguliwa, mtu hujitupa, na kwa muda wa dakika moja hivi huanguka kwa mwendo wa karibu kilomita 200 kwa saa kabla ya kuufungua mwavuli wake.

Msomaji atasema, huo ni wazimu mtupu. Na asubiri kidogo, autazame mwenendo wa watu hao kabla hawajapanda ndege. Mrukaji hubeba mgongoni miavuli miwili, mmoja wa kutumia na mmoja wa akiba. Ule wa akiba hukunjwa na fundi mwenye cheti, na muda uliowekwa ukitimia hufunguliwa, hukaguliwa na kukunjwa upya, hata kama haukutumika mara moja. Tena wengi huchukua chombo kidogo kinachopima kimo. Mtu akizimia au akichanganyikiwa, naye bado anaanguka kwa kasi, chombo hicho huufungua mwavuli wa akiba chenyewe, kiasi cha mita 200 na kitu juu ya ardhi. Kabla ya kupanda, mwenzake humkagua mikanda na vifungo vyake, naye humkagua mwenzake. Upepo ukipita kipimo kilichowekwa, mwanafunzi haruki, hata kama amekwisha kulipa na jamaa zake wamekuja kumtazama.

Lakini jambo la kuzingatia kuliko yote ni hili. Warukaji wana kimo cha kuamua. Anayejifunza huambiwa akiwa bado chini kwamba, akifika kiasi cha mita 750 na mwavuli wake mkubwa haujafunguka sawasawa, asibishane nao tena; auache na aufungue ule wa akiba. Uamuzi huo haufanywi katika hofu ya kuanguka. Umekwisha kufanywa ardhini, kwa akili iliyotulia. Katika Marekani, mwaka 2023, watu waliruka zaidi ya mara milioni 3.6, na waliokufa walikuwa 10. Tena si wachache kati ya wafao katika mchezo huo ambao mwavuli wao ulikuwa umefunguka vizuri kabisa. Hao ni mahodari ambao, kwa kuujua mchezo mno, walikata kona kali karibu na ardhi. Ustadi uliwaondolea woga, na woga ulipoondoka, hadhari nayo ikaondoka.

Hatusemi haya ili kuwapeleka vijana wetu Diani. Baba mwenye watoto wadogo anayo haki ya kujiuliza kama starehe ya dakika moja yalingana na deni alilo nalo kwao, na twadhani wengi wakijiuliza kwa moyo mnyofu watabaki ardhini. Twasema tu kwamba hatia ya mtu haipimwi kwa urefu wa mahali anaporuka. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba ushujaa hukaa kati ya maovu mawili, woga upande huu na ujuba upande huu. Mwoga huikimbia hatari inayompasa kuikabili. Mjuba huikimbilia bila sababu na bila hesabu. Wote wawili wamekosa jambo moja, nalo ni busara.

Injili yatusimulia jinsi Ibilisi alivyomsimamisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, akamshawishi ajitupe chini, kwa kuwa malaika wangemdaka. Bwana alikataa, akaonyesha ya kuwa haifai kumjaribu Mungu. Tuyapime basi mambo mawili. Mrukaji aliyekagua miavuli yake miwili, akapima upepo, akakubali kukaguliwa na mwenzake, hakuwaachia malaika kazi iliyo yake. Lakini yule anayepanda chombo kilichojaa pomoni, bila jaketi la kuokolea maisha, mawingu yametanda, huku akisema kwamba Mungu atatufikisha, huyo amesimama juu ya kinara kile kile cha hekalu, ingawa miguu yake iko usawa wa maji.

Nasi wa nchi hii hatukosi mafundisho. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Ilikuwa imeruhusiwa kuchukua abiria 430. Waliokufa walizidi 800, na wengi wao wamelala katika makaburi ya Igoma. Miaka ishirini na miwili ikapita. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichotoka Bugolora kwenda Ukara, kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, hata waliosimama nchi kavu wakaona kwa macho. Kilikuwa kimepimwa kwa abiria 101. Waliokufa ni 228. Mtu na ayasome makadirio hayo tena, kisha ajiulize ni nini kilichokosekana. Si elimu, maana kipimo kilijulikana. Si sheria, maana ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, "Basi, inatosha, chombo kimejaa," na watu wa kumtii.

Watu wetu wana methali isemayo kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ni ya kweli ikitumiwa mahali pake, yaani baada ya mtu kutenda yote yaliyompasa. Hapo humfariji mfiwa na kumwondolea lawama isiyo na haki. Lakini sisi tumeitoa msibani tukaipeleka gatini. Twaitamka kabla ya safari, ili tusihesabu watu, tusipime mzigo, tusiulize habari za upepo. Methali ya kufariji imegeuzwa kuwa ruhusa ya uzembe. Na wazee waliotuachia hiyo ndio waliotuachia nyingine, ya tahadhari kabla ya hatari. Mrithi mwaminifu hachagui methali impendezayo na kuizika ile imkemeayo.

Hapa yatupasa kuona tofauti kubwa iliyopo kati ya mrukaji na nahodha. Mrukaji akikosea hesabu, kwa kawaida huanguka peke yake. Mwenye chombo anayepokea nauli ya mtu mmoja zaidi hahatarishi uhai wake tu, bali anaamua juu ya uhai wa watu ambao hawakuulizwa, wala hawakijui kipimo cha chombo chake. Mtoto aliyefungwa mgongoni mwa mama yake hakuchagua lolote. Kwa hiyo ujuba wa mtu mmoja mmoja ni kosa, na ujuba wa mwenye dhamana juu ya wengine ni dhuluma. Fedha ya abiria wa ziada ni ndogo, lakini akiipokea kwa kujua, ameiuza salama ya wote waliotangulia kupanda.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu maskini. Yuko mama wa kisiwani ambaye mtoto wake ana homa kali usiku, na chombo kilichopo ni kimoja tu, nacho kimejaa. Yuko mvuvi ambaye asipotoka leo, kesho nyumbani hapaliwi, na bei ya jaketi ni chakula cha siku kadhaa. Kuwaambia hao "msipande, msitoke" bila neno jingine ni kuwatwika mzigo tusiougusa kwa kidole. Mama yule akipanda, hafanyi ujuba. Anapima hatari mbili na kuchagua ile aionayo ndogo. Ubaya uko kwa wale waliomfikisha mahali pa kuchagua kati ya mauti na mauti, wakati ingewezekana kuwe na chombo cha pili, au zahanati iliyo karibu, au jaketi la kuazima. Busara ya maskini yahitaji msaada wa haki ya jumuiya. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa mwezi Juni 2025, latuonyesha kwamba hatari nyingine si amri ya mbinguni. Zaweza kuondolewa kwa chuma na saruji na nia njema. Visiwani, ambako hakuna daraja, ni lazima vyombo vya kutosha na ukaguzi usio na upendeleo vifanye kazi hiyo.

Yabaki hatari ya aina ya tatu, ambayo si ya starehe wala ya mkate. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, katika hali mbaya ya hewa. Wavuvi hawakungoja kuitwa. Walipiga makasia wakaifikia, na kijana Majaliwa Jackson, pamoja na wenzake, aliwasaidia abiria kutoka. Alipojaribu kuwafikia marubani aliumia akapoteza fahamu, akazindukia hospitalini. Watu 19 walikufa, na 24 waliokoka. Baadaye serikali ilimpa zawadi na nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nani atasema kijana huyo alichezea amana ya Mungu? Aliitumia kwa kazi ambayo amana hiyo ilitolewa kwayo. Lakini hata huruma yahitaji maarifa. MV Bukoba ilipokuwa imepinduka na kuelea, ilitobolewa ili waliokwama ndani watolewe. Hewa iliyokuwa ikiibeba ikatoka, nayo ikazama. Moyo mwema ulikuwapo, ujuzi haukuwapo. Ndiyo maana upendo usioridhika na machozi hujifunza kuogelea, hujifunza kuokoa, na hudai vikosi vya uokoaji viwe na zana kabla ya siku ya msiba.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kuutia uhai hatarini ni halali pale sababu inapolingana na hatari, pale kila kinga iliyo katika uwezo wetu imetumiwa, na pale ambapo hatumburuti mwingine asiyeridhia. Moja ya hayo likikosekana, tunaloliita ujasiri ni ujuba uliovaa nguo za kuazima.

Nanyi wazazi, tunawaomba jambo moja liwezekanalo katika kila nyumba. Wekeni kimo chenu cha kuamua. Semeni leo, mkiwa mezani, kwamba jamaa hii haipandi chombo kilichozidisha watu, wala haitoki mawingu yakiwa meusi, wala haimwachi mtoto bila jaketi akiwa majini, na kwamba nauli iliyopotea haitalaumiwa na mtu yeyote. Maana gatini Kamanga au mwaloni Kirumba, watu wakisukumana na honi ikilia, hakuna tena nafasi ya kufikiri. Mtu hutenda lile tu aliloliamua zamani. Tena kijana akirudi nyumbani bila kusafiri kwa sababu aliona chombo kimelemewa, asichekwe. Wazee walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Huyo aliyerudi si mwoga. Imemlazimu kusimama peke yake mbele ya umati unaosonga mbele, naye akageuka. Baba na amsogezee kiti, mama na ampakulie chakula, na wadogo zake waone kwamba katika nyumba ile mtu hupewa heshima kwa kurudi salama.