Mjomba, Mimi Simo

Mara ya kwanza kuwaona Patrick na Jennifer nilikuwa nimekaa kwenye gogo katika kibanda umiza cha Kitandililo, sweta la shule nimelivuta hadi kidevuni kwa baridi ya Juni. Kiingilio kilikuwa shilingi mia. Nje jenereta lilinguruma, ndani watoto wawili wadogo walikuwa wakicheza na Steven Kanumba katika filamu ya Uncle JJ. Tulicheka mpaka mwenye kibanda akatutishia kuzima.

Niliporudi nyumbani nilimwambia mama kwamba wale watoto wana raha, maana kazi yao ni kucheza tu. Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Akanisogezea ungo: "Na wewe cheza na haya."

Nimelifikiria sana jibu lile. Kwa Kiswahili chetu mtoto hucheza kombolela, hucheza mpira, na hucheza filamu. Neno ni lilelile. Mtu mzima akicheza filamu tunajua yuko kazini na tunauliza kalipwa kiasi gani. Mtoto akicheza, tunaona mchezo. Huku kwetu hata anayepalilia mahindi au kuokota viazi shambani haitwi mfanyakazi; tunasema anasaidia nyumbani. Kazi ya mtoto ina majina mengi, na karibu yote hayana ujira ndani yake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia umri wa miaka 14, isiyomdhuru mtoto wala kumzuia kusoma, na inakataza kumtumikisha usiku. Sasa mtoto wa miaka minane anayerudia kipande kimoja mara kumi mbele ya kamera, yuko kazini au anacheza? Sisi wakubwa tunapenda kujibu kwamba anacheza, kwa sababu jibu hilo halitudai kitu.

Marekani waliwahi kudaiwa. Jackie Coogan alicheza na Charlie Chaplin katika The Kid ya mwaka 1921 akiwa mtoto mdogo, akawa maarufu dunia nzima. Alipofikia utu uzima alikuta fedha zake nyingi zimeshatumiwa na mama yake na baba yake wa kambo. Akaenda mahakamani, na mwaka 1939 jimbo la California likatunga sheria ya kumwekea mtoto msanii sehemu ya kipato chake.

Lakini fedha ni nusu tu ya deni. Elizabeth Michael, Lulu, aliingia kwenye maigizo ya kundi la Kaole akiwa mtoto, na nchi ikamwona akikua kwenye televisheni. Kanumba alipofariki Aprili 2012 na Lulu akashtakiwa, moja ya mabishano mahakamani lilikuwa umri wake: ana miaka 17 au 18? Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Kesi ile ilishapita na sina la kuiongezea. Ninachokumbuka ni sisi watazamaji. Kwenye daladala, saluni na vijiwe vya kahawa, kila mtu alimzungumzia kama aliyemlea yeye. Tulikuwa tumelipa kiingilio tu, tukadhani tumenunua na mtoto.

Naandika haya kwa sababu na mimi nimo.

Mwaka juzi nilikwenda Kitandililo kumsalimia dada yangu, nikamkuta binti yake wa miaka minane akiigiza bibi anayegombana na kuku. Nilimrekodi kwa simu. Video ikasambaa. Wiki chache baadaye mwenye duka mmoja Makambako akanipa shilingi elfu thelathini ili "yule bibi" asifie bidhaa zake. Nikapanda basi kurudi kijijini.

Tulirudia mara nne. Ya tano mtoto akakaa chini, akavua kilemba, akasema, "Mjomba, mimi simo." Kila aliyecheza utotoni anaijua kauli hiyo. Ukichoka unaisema, unakaa pembeni, na mchezo unaendelea bila wewe. Nilimwambia, "Moja tu ya mwisho, nitakununulia soda." Akavaa kilemba. Tukarudia mara tatu zaidi.

Najua utetezi wangu, maana nimeutumia: mwenyewe alifurahia, kipaji hakifichwi, hata hadithi zinahitaji watoto. Yote ni kweli. Sitaki filamu zisizo na watoto. Kile kibanda kingekuwa giza tupu bila Patrick na Jennifer. Lakini kama ulikuwa mchezo, aliposema simo ungeisha. Haukuisha, kwa hiyo ilikuwa kazi, na mwajiri nilikuwa mimi, niliyelipa soda na biskuti.

Dada hakunigombeza. Aliuliza tu, mbele ya mama, "Kaka, hela ya mtoto iko wapi?" Ilikuwa imeishia kwenye bando na nauli. Nililipa elfu thelathini mwezi uliofuata, wakanunua viatu vya shule na sweta.

Deni hilo lililipika. Video niliifuta, ila ilishaingia kwenye simu za watu. Desemba iliyopita nilimsindikiza mpwa wangu dukani. Ana miaka kumi sasa, amerefuka, haongei sana. Vijana waliokaa kwenye pikipiki wakamwita, "Bibi! Kuku wako wanasemaje?" Wakacheka kwa wema kabisa, kama tulivyocheka sisi kibandani.

Akaniangalia. Nilikuwa nimeshika simu mkononi. Nikaiweka mfukoni, lakini yeye alikuwa ameshahamia upande wa pili wa barabara.