Dua Mbili, Nafasi Moja

Miongoni mwa majina ya Kinyarwanda lipo Harerimana, maana yake anayelea ni Mungu. Mzazi anayempa mwanawe jina hilo hawazi bado ada, mtihani wa taifa wala fomu za mkopo. Anakiri tu kwamba kazi iliyo mbele yake haiwezi peke yake. Miaka kumi na minane ikipita, Harerimana akiwa kidato cha sita katika shule mojawapo ya wilaya ya Rubavu, jina linageuka swali. Ikiwa anayelea ni Mungu, basi mama yake, anayevuka mpaka kila alfajiri na beseni la nyanya kichwani, anafanya nini hasa?

Gisenyi, mji wa wilaya hiyo, ni mahali pa kuuliza maswali kama hayo, kwa sababu hapa riziki na balaa hukaa mtaa mmoja. Mbele ni Ziwa Kivu. Ubavuni ni Goma, karibu kiasi kwamba mtu anaweza kupika Rwanda na kuuza Kongo chakula kingali moto. Kabla ya korona, Petite Barrière, mpaka wa watembea kwa miguu, ulihesabiwa kati ya mipaka inayovukwa na watu wengi zaidi barani Afrika: makumi ya maelfu kwa siku, wengi wao wanawake wenye mtaji unaoingia kwenye kitambaa kimoja kiunoni. Pesa nyingi za shule za mji huu zimepita kwenye kitambaa hicho. Mpaka ulipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona, ada zilifungwa pamoja nao.

Mtihani wa taifa wa Julai ukikaribia, mji hubadilika sauti. Wakatoliki hushika novena, na wenye nauli hufika hadi Kibeho, kusini mwa nchi, ambako kuanzia mwaka 1981 wasichana wa shule ya sekondari walisema wametokewa na Bikira Maria. Askofu wa Gikongoro aliyakubali maono hayo mwaka 2001. Kwamba waliotokewa walikuwa wanafunzi ni jambo ambalo mzazi mwenye mtoto shuleni halisahau. Walokole hufunga. Waislamu, ambao Kiswahili chao kilizoeleka katika mitaa hii miaka mingi kabla Rwanda haijakifanya lugha rasmi mwaka 2017, huamka theluthi ya mwisho ya usiku. Kila nyumba ina mlango wake, lakini dua ni ile ile: mtoto apite, apate chuo, apate na mkopo.

Sehemu hizo tatu si za aina moja. Kupita mtihani hakumnyang'anyi mtu. Watoto mia wakijibu sawasawa, wote mia wamejibu sawasawa. Nafasi ya chuo na mkopo wa serikali ni habari nyingine. Hivyo vina idadi, na idadi hiyo imeandikwa katika bajeti kabla mama hajakunja mkeka. Anayeomba mwanawe awe ndani ya idadi anaomba pia, bila kutamka na pengine bila kujua, mtoto wa jirani abaki nje. Na jirani yuko ukutani pale, naye amepiga magoti. Wanyarwanda husema Mungu hushinda kwingine lakini jioni hurudi kulala Rwanda. Basi akirudi usiku wa Julai anazikuta dua mbili kwa nafasi moja.

Makanisani tatizo hili humalizwa na kipaza sauti. Jumapili baada ya matokeo, mzazi ambaye mwanawe amefaulu huitwa mbele kutoa ushuhuda: tulifunga siku saba, Bwana akatenda. Makofi, vigelegele, wimbo. Aliyefunga siku saba na mwanawe akaanguka amekaa safu ya nyuma, na hakuna anayemwita. Cicero, Mrumi aliyeandika miaka arobaini na mitano kabla ya Kristo, anasimulia kisa cha Mgiriki Diagoras. Alifika katika kisiwa cha Samothrace akaonyeshwa picha zilizotundikwa na mabaharia waliookoka dhoruba kwa nadhiri zao. Rafiki yake akamuuliza kama bado hasadiki kwamba miungu inawajali binadamu. Diagoras akajibu kwamba haoni picha za waliozama. Diagoras alikuwa mkanamungu, na ibada za Gisenyi hazina haja ya mkanamungu kuja kuzisahihisha. Hata hivyo swali lake lingemfaa mchungaji yeyote anayeandaa orodha ya mashahidi, angalau mara moja kwa mwaka.

Kuna dua nyingine iliyosikika Rwanda kwa miaka kadhaa, na huenda haijapata kusikika kwingine: wazazi waliomba waonekane maskini. Serikali iliwapanga wananchi katika madaraja ya ubudehe kulingana na hali zao, na mkopo wa chuo ukafungamanishwa na daraja. Aliyewekwa chini alisaidiwa zaidi. Aliyewekwa juu aliambiwa ajitegemee. Watu wakaenda kwenye vikao vya kijiji kudai washushwe. Mwenye nyumba ya matofali na ng'ombe mmoja alijikuta akieleza hadharani kwamba ng'ombe ni wa shemeji. Mfumo huo umekwisha kuondolewa katika kugawa mikopo, lakini ulifundisha kitu kuhusu sala: mtu huomba kwa umbo la fomu iliyo mbele yake. Fomu ikimtaka awe fukara, atamwambia hata Mola wake kwamba ni fukara.

Wayahudi wa kale waliliweka suala hili wazi kuliko wengi. Katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa mwanzoni mwa karne ya 3, umo mfano wa mtu anayerudi safarini akasikia mayowe mjini. Akisema, ee Mungu, isiwe nyumba yangu, sala yake ni bure. Mayowe yameshatokea, nyumba inayolia inajulikana, na kuomba isiwe yake ni kuomba iwe ya mwingine au kuomba jana ibadilike. Watu wa Rubavu hawahitaji kufafanuliwa mfano huo. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, na mafuriko na maporomoko ya usiku huo yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa nchi. Waliokuwa mbali na nyumbani, simu zikiita bila kupokelewa, waliomba ile ile sala ambayo Mishna inaiita bure. Nani angewaambia wanyamaze?

Kwa kipimo hicho, dua ya mzazi kati ya siku ya mwisho ya mtihani na siku ya matokeo ni bure pia. Karatasi zimekusanywa, zimesahihishwa, alama zimeingizwa kwenye kompyuta za mamlaka ya mitihani. Lililobaki ni ujumbe wa simu tu. Lakini hukumu hiyo inasimama tu ikiwa dua ni barua ya maombi inayosubiri muhuri, na wanafikra wakubwa wa dini hawakuiona hivyo.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliweka swali hili mwenyewe: kama kadari haina marudio, dua ya nini? Jibu lake lilikuwa la askari na la mkulima. Ngao huzuia mshale, na maji huotesha mbegu. Aliyekadiria mshale amekadiria na ngao, na anayeamini kadari hasemi basi sipandi. Dua kwake ni sababu mojawapo kati ya sababu. Karne na nusu baadaye Thomas Aquinas alifika karibu na hapo kwa njia yake: hatusali ili kugeuza alichopanga Mungu, tunasali ili kupata yale aliyopanga yapatikane kwa kusali. Wawili hawa hawakupata kukutana, na wafuasi wao wamepigana sana. Kwa mama wa beseni wangesema jambo moja: shika vyote viwili, dua na beseni.

Wanyarwanda wa zamani walikuwa na desturi inayosema hayo bila kitabu. Mwanamke aliyetaka kuzaa alihakikisha jioni hajamaliza maji ndani ya nyumba. Aliacha kidogo katika chombo, maji ya Mungu, kwa sababu Imana, yaani Mungu kwa Kinyarwanda, hufinyanga mtoto usiku, na mfinyanzi hafinyangi kwa udongo mkavu. Mwanamke hakudai kwamba maji yale yanaumba mtoto. Hakuthubutu kulala bila kuyaacha pia. Katika fikra nzima ya malezi ni vigumu kupata mfano bora wa mgawanyo wa kazi: kikombe kimoja cha maji upande huu, mtoto mzima upande ule, na bado kikombe kinahitajika.

Leo kikombe hicho kina sura nyingi, na baadhi hazina utukufu wowote. Kiko katika likelemba, mchango wa mzunguko ambao wanawake wa mpakani wanautunza kwa daftari la mistari. Kiko katika Ejo Heza, mfuko wa akiba ya muda mrefu ulioanzishwa Desemba 2018, unaowalenga hasa wasio na mwajiri. Kiko katika nauli ya basi kwenda Kigali, kilomita zipatazo 150 za kona na milima, kwa yule mmoja kati ya wengi anayetaka kujaribu SAT, mtihani wa vyuo vya Marekani. Shirika la Bridge2Rwanda limepata kuwachukua wachache waliomaliza sekondari na kuwaandaa kwa safari hiyo, na hapo ndipo mzazi wa Gisenyi hukutana na fomu ngeni kuliko zote: ile inayomuuliza mapato ya mwaka, thamani ya nyumba, akiba benki. Mama wa nyanya ana mapato ya leo. Ya mwaka anayajua Mungu, naye hatumi hati ya mshahara.

Kiko pia katika mkopo wenyewe. Benki ya Maendeleo ya Rwanda ndiyo inayosimamia mikopo ya wanafunzi tangu katikati ya miaka ya 2010, na pamoja na karo hutoa posho ya kuishi, iliyokuwa faranga 25,000 kwa mwezi kwa muda mrefu kabla ya kupandishwa hatua kwa hatua. Mkopo una riba, na kwa Mwislamu wa Gisenyi hapo kadari inageuka fiqhi: je, unaweza kumwomba Mungu kitu ambacho njia yake ameikataza? Wengine hutoa fatwa ya dharura, wengine huuza kiwanja. Si shida ya Rwanda peke yake. Tanzania ilifuta mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ingawa kwa sababu za kiuchumi zaidi. Nchini Uingereza, serikali iliahidi mwaka 2013 mkopo wa wanafunzi usio na riba na ikaupa msingi wa kisheria mwaka 2017. Miaka ikapita, mkopo haujatoka. Mufti wa kijiji huwa na kasi zaidi.

Turudi kwenye zile dua mbili. Zinagongana kwa sababu nafasi ni moja, na nafasi za chuo hazikushuka na mvua. Mwaka 1963, padri Mdominiko wa Kanada, Georges-Henri Lévesque, alipofungua Chuo Kikuu cha Taifa huko Butare, wanafunzi wa kwanza hawakufika mia. Mzazi wa Gisenyi wa mwaka ule aliyeomba mwanawe awe mmoja wao aliomba karibu muujiza. Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha vyuo vya umma, kina wanafunzi makumi ya maelfu. Katikati ya tarakimu hizo mbili hakuna mtoto aliyenyang'anywa kwa dua ya jirani. Kuna kodi, walimu, mabweni, wafadhili, na uamuzi wa watu waliokaa mezani. Inaelekea sehemu kubwa ya dua ya Julai imekosea anwani: imepelekwa mbinguni wakati mwenye kalamu yuko wizarani. Wale majirani wawili wanaoombea nafasi moja kila mtu chumbani kwake wangeweza kutoka nje na kudai nafasi mbili, na Mungu anayelala Rwanda hangeona wivu.

Hata hivyo mtu asiwe mwepesi wa kuwacheka. Mama anayemwombea mwanawe usiku wa manane hajifikirii kama mshindani. Siku za Januari 2025, vita vilipoingia Goma na makombora kuvuka mpaka na kuua watu Rubavu, dua za mji huu hazikuwa na nafasi ya kugombea. Zilikuwa za uhai, na kila nyumba iliombea na nyingine. Miezi michache baadaye watu wale wale walirudi kuombea mitihani. Huenda ni shida kumtaka mtu abadili lugha ya sala kwa sababu tu hatari imepungua.

Chukua jioni ya matokeo katika nyumba yoyote ya mtaa wa Mbugangari. Umeme upo, simu ina chaji asilimia tisa. Kijana ameketi kizingitini, ametuma namba yake ya mtihani, na jibu limeingia; amelisoma mara mbili, akaizima skrini. Ndani, nyuma ya pazia, mama yake yuko katika rakaa ya pili na hajui kwamba ujumbe umefika. Kwa mujibu wa Mishna anaomba bure. Kijana anaweza kumwita. Anasimama, anatazama lile dumu la maji kando ya mlango, anaona limebaki robo, analibeba kwenda bombani, ili akirudi mama awe ameshatoa salamu.