Ustaarabu: Mizani ya Nani?

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba watu fulani wamestaarabika na wengine bado. Usemi huu husikika hata madarasani. Yafaa basi tulipime neno lenyewe kabla ya kuwapimia watu.

Neno ustaarabu limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kujifanya Mwarabu. Hapo zamani wenyeji wa miji ya pwani walijivunia uungwana wao, na watu wa bara wakawaita washenzi. Utawala wa Waomani ulipostawi Unguja katika karne ya 19, ustaarabu ukachukua nafasi ya uungwana. Kisha wakaja Wazungu, na mtu akahesabiwa kuwa mstaarabu kwa kuvaa na kusema kama mtawala mpya. Mizani ilibaki ile ile. Aliyeishika ndiye aliyebadilika.

Mizani hiyo haikuweza kuona kazi ya watu wa bara. Katika nchi ya Buhaya chuma kiliyeyushwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Huko Engaruka wakulima walijenga matuta ya mawe na mifereji ya kumwagilia mashamba, karne nyingi kabla ya ukoloni.

Je, tulitupe neno hili? La. Neno utamaduni nalo lina mzizi wa Kiarabu unaohusu mji. Hata hivyo twasema utamaduni wa Wahadzabe, wasiojenga miji, wala hapana anayeshangaa. Neno hupanuka likitumiwa na watu wenye nia ya kulipanua.

Wala kukataa mizani ya wengine si kukataa kupima. Mila inayomdhulumu mwanamke au mtoto haisameheki kwa kuwa ni yetu. Hatuna budi kuuliza: mila hii yamtendeaje mnyonge, mgeni na mzee? Swali hilo laweza kuulizwa kwa haki Dodoma, Maskati na London. Swali la nani anafanana na nani halina haki hiyo.

Mwalimu aziitaye desturi za nyumbani kwa mwanafunzi wake ushenzi, bila kuuliza swali hilo, humfunza kijana kuwaonea haya wazazi wake. Hilo ni jambo zito, maana wahenga walikwisha tuonya: mkataa kwao ni mtumwa.