Likizo Yaja: Je, Tupande Chombo?



Kila shule zifungapo, swali moja hurudi katika nyumba nyingi: watoto wapelekwe wapi? Kwa jamaa wakaao pwani, na kwa wengi wa bara ambao wana ndugu zao Tanga, Pangani, Pemba au Unguja, swali hilo lina sura yake. Kijana amerudi kutoka shule ya bweni, ndugu yake amerudi kutoka chuoni, nao wote wawili wataka kwenda baharini. Wataka kuvuka kwenda Pemba kumwona shangazi, au kukodi mashua kwenda kisiwani na wenzao, kula, kuogelea na kurudi jioni. Baba hajajibu. Mama atazama mkoba wa fedha. Naye bibi, aliyezaliwa pwani, auliza neno moja tu: Upepo gani sasa?

Twapenda leo kulitafakari jambo hili pamoja nanyi, kwa sababu si dogo kama lionekanavyo. Kuamua kupanda chombo au kutopanda ni tendo la dhamiri. Anayelifanya bila kufikiri, tena akiwa na roho za watoto mkononi mwake, atatoa hesabu yake mbele ya Mwenyezi Mungu.

Kwanza tuseme wazi: Kanisa halikatazi furaha, wala halikatazi safari. Pumziko ni agizo la Mungu, naye Bwana wetu aliwaita Mitume waende naye kando wapumzike kidogo, nao walikwenda kwa chombo. Mtoto wa Dodoma au wa Tabora asimamaye mara ya kwanza pale Raskazone, akaitazama ghuba ya Tanga asubuhi, Kisiwa cha Toten kikiwa mbele yake na ngalawa za wavuvi zikirudi, amepata somo la Uumbaji lipitalo vitabu vingi. Mzazi awezaye kumpa mwanawe somo hilo na ampe, wala asione kwamba amepoteza fedha.

Lakini ghuba si bahari kuu. Hilo ndilo jambo la kwanza tutakalo lieleweke. Maji ya ghubani huweza kulala kimya kama ya kisimani, huku nje, katika mkondo wa Pemba ulio mpana na wenye kina kikubwa, mawimbi yakiwa makubwa kupita mtu. Aamuaye kwa kuyatazama maji ya ufukweni ameamua kwa kutazama mlango wa nyumba bila kujua yaliyomo ndani.

Tufungue Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya ishirini na saba. Mtakatifu Paulo alikuwa mfungwa, apelekwa Roma. Meli yao ilifika mahali katika kisiwa cha Krete paitwapo Bandari Nzuri. Majira ya kusafiri yalikuwa yamekwisha pita, naye Paulo aliwaonya kwamba safari ile italeta hasara, si ya shehena peke yake, bali hata ya maisha yao. Je, hawakumsikia? Walimsikia, lakini walikuwa na sababu zao tatu. Ya kwanza, akida wa askari aliwasadiki zaidi nahodha na mwenye meli. Ya pili, bandari ile haikuwapendeza kwa kukaa wakati wa baridi, na watu wengi walitaka kwenda mbele. Ya tatu, upepo mwanana wa kusini ulianza kuvuma, nao wakadhani wamepata walichokitaka. Wakang'oa nanga. Haukupita muda mrefu ikawashukia tufani, wakachukuliwa nayo siku kumi na nne, wakitupa shehena na vyombo vya meli, hata tumaini lote likawatoka.

Wapendwa, sababu zile tatu hazijafa. Twazisikia hata leo katika kila gati na kila pwani. Mwenye chombo amesema hakuna shida. Wenzetu wote wanapanda. Na leo mbona pametulia? Nani kati yetu hajazisikia?

Sasa tulijibu swali la bibi. Wazee wa pwani wanajua kwamba mwaka una pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma tangu karibu na Desemba hata Machi. Kusi huvuma tangu Aprili au Mei hata Septemba au Oktoba, nayo huwa kali hasa katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Katikati ya pepo hizo huja maleleji, wakati wa upepo hafifu na bahari tulivu. Basi mtu achukue kalenda ya shule aitazame. Likizo ya katikati ya mwaka huangukia Juni, yaani ndani ya kusi. Likizo ndefu ya vyuo vikuu huanza Julai au Agosti, nayo pia ni kusi. Likizo ya Desemba, ya Noeli, huja wakati wa kaskazi, ambapo kwa kawaida bahari ni pole zaidi, ingawa siku moja moja nayo hukasirika. Kalenda ya darasani haikupangwa na manahodha. Kwa hiyo yafaa jamaa nyingi zilihifadhi tamanio la Juni mpaka Desemba, na Juni ziwapeleke watoto kwa gari kwa babu yao Lushoto au Korogwe.

Hatusemi haya kwa kuwatisha watu, bali kwa kuwakumbuka marehemu wetu. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku kumi hivi baada ya sikukuu ya Idi, meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa na idhini ya kuchukua watu wasiozidi 700, nayo ilipakia zaidi ya mara mbili ya hao. Miili iliyopatikana ilizidi 200, na wengine wengi hawakuonekana tena. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, boti ya Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilipinduka karibu na Chumbe. Chombo hicho kiliundwa Marekani kwa maji yaliyokingwa ya Puget Sound. Januari 2017, mashua iliyotoka Tanga kwenda Pemba ilizama, na zaidi ya watu kumi wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichokusudiwa watu 101, kilipinduka kikikaribia kufika Ukara, na waliokufa walipita 200.

Zingatieni mambo mawili. Kwanza, ajali hizi hazikutokea majira ya kusi peke yake. Januari imo, na ziwa halina kusi wala kaskazi ya pwani. Basi kujua upepo hakutoshi. Pili, Spice Islander na MV Nyerere vilipakia kupita kiasi, na kila mtu aliyepanda alikuwa na macho. Wengi waliona kwamba chombo kimejaa. Kwa nini hawakushuka? Sisi hatuwahukumu marehemu, Mungu awarehemu. Lakini twajiuliza wenyewe, tulio hai: nasi tungeshuka?

Hapa ndipo penye kiini cha neno letu la leo. Si vigumu sana kuamua nyumbani. Vigumu ni kuamua gatini, mizigo ikiwa imekwisha pakiwa, nauli imekwisha lipwa, watoto wakirukaruka kwa furaha, na watu nyuma yako wakikusukuma. Hapo baba huona haya kusema: Tunarudi. Huhesabu nauli atakayoipoteza, wala hahesabu watoto. Twamwambia baba huyo: nauli iliyolipwa imekwisha toka mkononi mwako, upande au usipande. Usitupe roho nne baharini kwa kuifuata fedha ambayo haipo tena. Wale waliokuwa pamoja na Paulo walitupa ngano yao majini ili waokoke. Ikiwa wao walitupa chakula, wewe washindwaje kutupa tiketi? Kushuka katika chombo kilichojaa, mbele ya watu wote, huku wengine wakikucheka, ni ushujaa wa kikristu. Mtoto akimwona baba yake akifanya hivyo siku moja, amejifunza busara kwa maisha yake yote.

Wako watakaosema: Padre, siku ya mtu imekwisha andikwa, asiyekufa baharini atafia kitandani, tumwachie Mungu. Maneno hayo yafanana na imani, lakini siyo imani. Shetani alimpandisha Bwana wetu juu ya kinara cha Hekalu akamshawishi ajitupe chini, kwa kuwa malaika watamdaka. Yesu alikataa, akisema kwamba haifai kumjaribu Mungu. Ajitupaye katika hatari bila sababu ya haki, kisha akadai ulinzi wa Mungu, huyo amjaribu Mungu. Tena tazameni jinsi Paulo alivyofanya. Malaika alikuwa amemwahidi kwamba hakuna hata mmoja wa watu wale 276 atakayepotea. Lakini mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua ndogo, Paulo hakusema, Waacheni, Mungu ameahidi. Aliwaambia askari kwamba mabaharia hao wasipobaki, hawawezi kuokoka. Ahadi ya Mungu haikumfanya aache akili yake. Wote walifika Malta salama, meli peke yake ikavunjika.

Tena liko jambo la fedha. Bwana wetu alifundisha kwamba atakaye kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama, na mfalme aendaye vitani huketi kwanza akapima nguvu zake. Watu wa Raskazone wana kumbukumbu ya jambo hilo mlangoni mwao. Novemba 1914 jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000, waliochoshwa na safari ndefu ya meli kutoka India, waliteremshwa ufukweni hapo bila kuchungua vema yaliyo mbele, wakarudishwa majini na jeshi la Wajerumani la watu wapatao 1,000, wengi wao askari Waafrika. Hawakuketi kwanza wakahesabu. Basi nawe, mzazi, keti uhesabu. Januari yaja nyuma ya Desemba na madai ya shule. Ikiwa safari ya siku tatu itamnyima mtoto sare na madaftari, au itakuingiza katika deni, mwambie mwanao ukweli bila kuona haya. Si dhambi kuwa na kipato kidogo. Kumdanganya mtoto kwamba tuna wingi ndiko kunakomharibu.

Nanyi vijana wa vyuo, twawaambia neno kwa upendo. Ninyi mnajua kusoma, basi someni. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa, nazo hufika hata katika simu zenu. Msikodi chombo ambacho hakina majaketi okozi ya kuwatosha ninyi nyote, na yavaeni, msiyakalie. Mwulizeni nahodha kuhusu maji kujaa na maji kupwa. Kule Maziwe, karibu na Pangani, ambako zamani palikuwa kisiwa chenye miti, leo pamebaki fungu la mchanga ambalo bahari hulifunika maji yajaapo. Aendaye huko bila kujua saa za maji ajitafutia msiba. Msiende kwa siri, wala msichanganye ulevi na bahari. Na mmoja wenu akisema anaogopa, msimcheke. Pengine malaika wake mlinzi ndiye aliyempa neno hilo.

Kwa wenye vyombo na wenye kazi ya kuhesabu abiria, twasema kwa ufupi, kwa kuwa wanajua wajibu wao. Kila kichwa kipitacho hesabu kwa sababu ya noti iliyopenyezwa mkononi ni kiumbe cha Mungu kilichouzwa. Yuda naye alipokea fedha, nazo hazikumfaa.

Basi tupande chombo au tusipande? Baba na mama waketi usiku mmoja wajiulize maneno manne. Je, majira yaruhusu, na tahadhari yasemaje? Je, chombo hiki chajulikana, chenye idhini na majaketi, na idadi yake haijapita? Je, fedha hii ni yetu kweli, wala si ya ada wala ya deni? Na la mwisho: je, tukifika gatini tukaona mambo yamebadilika, tuko tayari kurudi nyumbani? Asiyeweza kuitika swali hili la nne, huyo asitoke nyumbani kabisa, hata kama matatu ya kwanza yote ni mema.

Wakiitika yote manne, waende kwa amani, wakatazame kazi za Mungu vilindini, wakumbuke Misa Takatifu ya Dominika huko waendako, na wawaombee wale waliolala chini ya maji bila kaburi. Wasipoitika, wabaki bila huzuni. Upo ufuko wa Raskazone, ambapo mtoto aweza kucheza mchana kutwa maji yakimfika magotini, mama yake akimwona. Furaha ya likizo haipimwi kwa umbali wa safari, bali kwa hesabu ya vichwa mezani usiku ule wa mwisho kabla ya shule kufunguliwa.

Mama Bikira Maria, Nyota ya Bahari, awaombee wote wasafirio majini likizo hii, nao wawaongozao, ili wale waliotoka nyumbani wote warudi nyumbani. Amina.