Ahabu Hakuuliza



Hakuna mkesha siku hizi unaopita bila ombi la usalama. Tunamwomba Mungu afunge mikono ya wezi mtaani, na ni ombi zuri. Mtungi wa gesi unaibwa mama akiwa ametoka kidogo tu kuchota maji. Nguo zinatolewa kwenye kamba zikiwa bado mbichi. Kijana anatoka kazini saa mbili usiku, watu wawili kwenye pikipiki wanampokonya simu hata kabla hajavuka barabara. Wenye ploti wameweka taa na kuongeza seng'enge ukutani, wapangaji wanachanga pesa za askari wa usiku. Nyumba Kumi inakutana, chifu anakuja, tunalalamika, tunarudi nyumbani.

Lakini ule mtungi uko wapi sasa? Swali hilo haliulizwi sana katika mikutano yetu. Mwizi hakuiba mitungi mitano ili apikie jiko tano, na simu kumi hazina kazi kwa mtu mwenye masikio mawili. Kitu kilichoibwa Jumatatu lazima kipate nyumba nyingine kabla ya wikendi. Nyumba hiyo mara nyingi iko mtaa huu huu au ule wa pili, na wanaoishi humo ni watu wa kawaida kabisa, wanaolipa kodi na kupeleka watoto shule. Na ndiyo, wengine wanakuja kanisani. Mikono tunayoomba ifungwe usiku, sisi wenyewe tunaijaza noti mchana.

Sasa, mtu aliyenunua bila kuuliza, ana hatia?

Ukimwuliza atakwambia: mimi sikuiba, nililipa pesa yangu, sikujua. Hebu tulichukue hilo neno "sikujua" kwa uzito wake, maana kuna aina mbili. Kuna mtu ameingia dukani, amenunua simu ya mtumba, akapewa risiti, baada ya miezi miwili polisi wanamfuata. Huyo amedanganywa, tumhurumie. Halafu kuna mwingine. Simu ya elfu ishirini anauziwa elfu tatu, kando ya steji, giza likiingia. Haina chaja, haina boksi, na muuzaji anageuka kuangalia nyuma kila dakika. Huyu naye akisema hakujua, tumwamini? Alijua kiasi cha kutotaka kujua zaidi. Kunyamaza kwake ndiko kulikofanya bei ikawa elfu tatu.

Sheria ya Kenya imelifikiria jambo hili kuliko sisi. Katika Kanuni ya Adhabu, wizi wa kawaida chini ya kifungu cha 275 adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka mitatu. Kupokea mali ya wizi, kifungu cha 322, ni hadi miaka kumi na minne. Soma tena hapo. Na si lazima uwe umeambiwa kwa mdomo kwamba mali ni ya wizi; inatosha kama ulikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Walioandika sheria hiyo walielewa kwamba mwizi mmoja akishikwa, mwingine anachukua nafasi yake kesho, lakini soko likikauka hata yule aliyebaki hana kwa kupeleka.

Tuliona jambo hilo Januari 2022. Nchi ilikosa stima baada ya minara ya laini kubwa ya umeme kuanguka jijini Nairobi, na serikali ikashuku hujuma na wizi wa vyuma. Hatua iliyochukuliwa haikuishia kwa walinzi wa minara. Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu, na marufuku hayo yakakaa hadi mwezi wa Mei. Hatua hiyo iliwaumiza pia watu waaminifu wanaookota vyuma na kuuza ili watoto wale, kwa hivyo siisifu yote. Ila ilimtazama yule anayepima chuma kwa mizani na kulipa bila kuuliza kimetoka kwa mlango wa nani.

Rudi sasa kwa Biblia yako, 1 Wafalme 21. Tumehubiriwa sana juu ya Yezebeli katika sura hiyo, mpaka tunamsahau mumewe. Ahabu alitaka shamba la mizabibu la Nabothi. Kwanza alifanya vizuri, akataja bei, akaahidi hata shamba lingine bora. Nabothi akakataa kwa sababu ulikuwa urithi wa baba zake. Ahabu akalala akageuza uso wake, akasusia chakula. Mke akamwambia ainuke ale, shamba atampatia yeye. Na hapa ndipo pa kutazama: Ahabu hakuuliza. Mwenye shamba amekataa pesa, amekataa shamba bora, kisha ghafla shamba linapatikana bure, na mfalme mzima haulizi limepatikanaje! Barua ziliandikwa kwa jina lake na muhuri wake, yeye akabaki na mikono misafi. Aliposikia Nabothi amekufa, alishuka kwenda kulimiliki shamba, na Eliya alimkuta huko huko shambani. Nabii hakuanzia kwa walioandika barua wala kwa mashahidi wa uongo. Alianzia kwa yule aliyefaidika.

Na Nabothi aliuawaje? Kwa mawe, baada ya watu wawili kusema neno mbele ya umati. Hilo nalo tunalijua mitaani mwetu. Mtu anapiga kelele "mwizi!", na kabla hujavaa viatu umati umejaa, mawe, tairi, petroli. Hakuna anayeuliza ni nani aliyeona. Katika umati kama huo kuna watu ambao mifukoni mwao mna simu za elfu tatu. Wanamchoma kijana kwa kazi ambayo wao ndio wateja wake, na pengine si yeye hata kidogo. Hiyo si haki ya mtaa, ni mauaji, na mshirika wa kanisa hana kazi pale isipokuwa kusimama katikati na kupiga simu kwa polisi.

Najua jibu linalokuja. Mchungaji, wewe unaongea tu, maisha ni magumu, mtoto anahitaji simu ya masomo, dukani ni elfu kumi na mbili. Ni kweli, na sitamwambia mama wa watoto wanne kwamba umaskini ni rahisi. Lakini tuangalie ni nani hulipa ile tofauti. Anayeporwa stejini usiku si tajiri, tajiri yuko ndani ya gari. Ni dada anayetoka kazini kwa miguu, aliyeinunua ile simu kwa kulipa kidogo kidogo kila siku na bado anadaiwa. Maskini ananunua kwa bei ya kutupa kile alichoporwa maskini mwenzake, halafu mwezi ujao zamu inageuka.

Kwa mitumba halali hakuna neno. Omba risiti. Andika jina na nambari ya kitambulisho cha muuzaji, mwaminifu hatakasirika. Bonyeza *#06# simu ikiwa mkononi, nambari itakayotokea ilingane na ile ya kwenye boksi. Mzazi, televisheni ikiingia nyumbani na kijana hana kazi, usiseme Mungu amefungua mlango kabla hujamwuliza amefunguaje. Na kama kitu kama hicho tayari kiko ndani kwako, njoo uone wazee, tuone jinsi ya kukirudisha kupitia kwa chifu. Zakayo alirudisha mara nne, sisi hatutakudai hizo tatu.

Liko la mwisho, na ni la pesa. Waefeso 4:28 inataka mwizi aache kuiba afanye kazi kwa mikono yake, tena apate cha kumpa mhitaji. Hiyo kazi ataipata kwa nani? Fundi wa simu anayekataa kufungua simu isiyo na mwenyewe atapoteza wateja wiki hiyo hiyo, kwa sababu jirani yake anafungua. Kinyozi aliyetoka jela na kuokoka anakaa kutwa na mashine mkononi, kiti kitupu, na washirika wanapita mlangoni pake wakienda kunyolewa kwingine kwa sababu wanamkumbuka. Jumamosi hii kuna nywele nyingi za kunyolewa kabla ya ibada.