Nyayo Tupu Mlimani

Akimbiaye mlimani pekupeku tumsifie nini: ushujaa wake au ukata wake? Mwaka 2017, huko Puebla, Meksiko, María Lorena Ramírez wa jamii ya Rarámuri alishinda mbio za wanawake za kilomita 50 katika njia za milimani. Hakuwa peku hasa. Alivaa ndara za mpira wa tairi, mfano wa zile za wachungaji wetu. Habari nyingi zilizoandikwa zilisifu ndara kuliko mapafu! Hapo twaona pana dhuluma. Mwenye jozi tatu za viatu akiziacha nyumbani ili ayaonje mawe, huo ni uchaguzi wake, na tumwache na malengelenge yake. Bali asiye na jozi hata moja hakuchagua kitu. Kumshangilia kwa ajili ya nyayo zake ni kuushangilia umaskini.

Hata barabarani ni vivyo hivyo. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Roma pekupeku mwaka 1960. Mwaka 1964, mjini Tokyo, alivaa viatu, akashinda tena, kwa kasi zaidi, akaweka rekodi ya dunia. Ushindi huu wa pili husimuliwa kwa nadra.