Moto Usio na Mwenyewe

Mvua zikikatika, majani ya uwanda wetu wa Ufipa hukauka upesi, na kuanzia Julai hata Oktoba hakosi mtu wa kutia kiberiti. Usiku huonekana mistari ya moto ikipanda milima ya Mbizi. Asubuhi yake kuna majivu, na pengine kuna mzee aliyepoteza ghala la mahindi, au mizinga yake ya nyuki, au miti aliyoipanda miaka minane nyuma. Watu wa mbali wakisikia jina la Sumbawanga hupenda kuzungumza habari za uchawi. Moto huu hauna uchawi hata kidogo. Una sababu zake, nasi tunazijua.

Mfugaji huchoma apate majani mabichi ya ng'ombe wake. Mwindaji huchoma awatoe wanyama mafichoni. Mrina asali huacha kijinga chake chini ya mti. Mkulima huchoma shamba ili jembe lipate nafuu. Hakuna kati yao aliyekusudia kumwunguza jirani. Wala mtu asiseme kwamba kuchoma ni mila ya Wafipa tangu mwanzo. Kilimo cha matuta ya mviringo, ambacho hata wageni walikiandika kwa sifa, kilikuwa cha kuyapindua majani pamoja na udongo, yafukiwe, yaoze, yawe mbolea. Kina jasho jingi, ndiyo, na kijana wa leo ukimtajia hucheka.

Basi twauliza: moto ukisha kuteketeza mali ya mtu, na aliyeuwasha hajulikani, hasara ile ni ya nani? Tumezoea kusema ni ya aliyeunguliwa. Twamwita mwenye bahati mbaya, twamchangia debe la mahindi, twaendelea na kazi zetu. Au sivyo, twamtaja mtu. Na anayetajwa kwanza aghalabu ni mgeni mwenye ng'ombe, hata kama hakuna aliyemwona. Hilo la pili ni kumshuhudia jirani uongo, wala hatutalizungushia maneno.

Torati ina amri mbili zinazofaa kusomwa pamoja. Katika Kutoka 22:6, aliyewasha moto ukala nafaka ya mwenziwe anatakiwa alipe. Ni haki iliyo wazi, lakini yahitaji mtu aliyejulikana. Katika Kumbukumbu la Torati 21 twakuta jambo gumu zaidi: maiti imeonekana shambani na aliyeua hajulikani. Hapo wazee na waamuzi hutoka, wakapima umbali mpaka miji iliyo kando kando, na wazee wa mji ulio karibu zaidi ndio wanaolibeba jambo lile mbele za Mungu. Hawakuambiwa watafute wa kumsingizia. Hawakupewa ruhusa ya kusema kwamba si lao. Walinawa mikono, naam, lakini baada ya kutoka, kupima, na kutoa mtamba wa kwao. Kwa maneno mengine, kosa lisilo na mwenyewe lilikuwa la wenye madaraka mahali pale, nalo liliwagharimu.

Leo wenye madaraka juu ya moto ni wengi. Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya halmashauri za miji. Sheria ya mwaka 2007 ikaunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Namba yake, 114, yafaa kila mtu aishike kichwani, lakini gari la zimamoto halipandi Mbizi. Misitu ya hifadhi ya serikali kuu inaangaliwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ipo mikononi mwa halmashauri ya kijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 ina masharti na adhabu zake kwa wachomaji. Nayo halmashauri ya wilaya ina sheria ndogo na ina mfuko. Kila mmoja akiulizwa aweza kuonyesha mlango wa mwenziwe, wala asiwe amesema uongo.

Nani, basi, atoe mtamba? Twaona ni halmashauri, na sababu yetu ni moja tu: ndiyo inayopokea ushuru wa mazao. Mahindi na maharage yanayolipiwa ushuru yametoka katika vijiji hivi hivi vinavyoungua.

Tunajua jibu litakalotolewa, na ni jibu zito. Kijiji kimesimamisha boma la darasa kwa nguvu zake, kinangoja bati. Zahanati haina nyumba ya mganga. Je, fedha iende kufyeka majani? Mzazi ambaye mtoto wake husomea chini ya mti hatupendi kumhubiria juu ya njia za kuzuia moto. Tena darasa likiisha huonekana, mgeni rasmi hukata utepe. Moto ambao haukutokea hauna utepe. Hakuna diwani aliyepata kura kwa ghala ambalo halikuungua. Methali yasema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini haikusema fedha ya kuziba ufa itoke fungu gani.

Hata hivyo, asiyetenga kitu kwa ajili ya moto hajakaa bila kuamua. Ameamua kwamba gharama italipwa na mtu mmoja mmoja, yule ambaye upepo utaelekea kwake, na mara nyingi ni mjane mwenye shamba la pembeni. Mahali pengine taifa limekataa uamuzi wa namna hiyo. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Ilionekana kuwa wasiposemewa kwa hesabu watasahauliwa.

Na kazi yenyewe si ya mamilioni mengi. Majembe, mapanga, chakula cha wafanya kazi, mafunzo ya kikosi cha kijiji; mengine ni msaragambo. Ugumu mwingine upo katika kalenda. Wakati mzuri wa kulima njia za moto na kuchoma mapema kwa uangalifu, majani yakiwa bado na unyevu, ni Mei na Juni. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo kazi huangukia mwisho wa mwaka, mfuko ukiwa mtupu, na fedha mpya hukuta Mbizi imekwisha ungua. Fungu la moto lisipoandikwa kwa jina lake na mwezi wake, halitafika.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na mapendekezo ya bajeti hupanda kutoka huko kwenda kwenye kata, kisha halmashauri. Sisi Waanglikana tu wachache huku Ufipa, lakini katika mkutano ule kila mkazi mtu mzima ana sauti. Mkutano wa mwisho kabla ya Krismasi, bati la darasa likisha kuandikwa, mmoja wetu na asimame aombe mstari wa pili: njia za moto, urefu wake, majembe mangapi, na neno "Mei".